Mwaka Tuliohamisha Mikilua

Rukia alinipigia simu nikiwa nimesimama juu ya stuli, nahamisha pazia la sebuleni kutoka dirisha la mbele kulipeleka la nyuma, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Alisema mamake, Bi. Mejumaa, amefariki alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri. Aliisema kwa sauti tulivu ya mtu aliyeuguza kwa muda mrefu. Nikasema inna lillahi, nikamwambia nakuja, nikashuka kwenye stuli, na badala ya kuvaa buibui nikatoka nje nikaanza kufagia ua uliokuwa umeshafagiwa. Hivi ndivyo nilivyo tangu ujana. Nimehama nyumba sita hapa Ukunda, na hata leo nikiketi kwa mtu kunywa chai jicho langu liko mlangoni. Lakini asubuhi ile fagio halikuwa tabia tu. Niliogopa kwenda Msambweni. Bi. Mejumaa alikufa akiwa amebebeshwa kosa ambalo ni langu, kwa zaidi ya miaka thelathini, na aliyembebesha ni Bi. Mwanasha, ambaye nyumba yake imepakana na ya marehemu kwa nyuma. Na jana yake tu, jioni, nilikuwa nimeketi kwa huyo Bi. Mwanasha tukila mihogo ya nazi, ulimi umenijaa kinywani, nikala nikamaliza nikaaga.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sitaeleza nilikotoka wala niliachikaje, maana aliyeniacha ana wajukuu sasa na mimi sina tena hamu ya kumtukana. Nilipanga chumba kwa Bi. Mwanasha kule Galu, kabla hoteli hazijaziba njia zote za kwenda baharini. Alikuwa amepita hamsini, mjane, mgongo wake umeumia, na kazi yake ilikuwa kufunga vikuba, vile vishada vya maua ambavyo wanawake huvivaa kifuani wakienda harusini. Uani alikuwa na asumini, rehani na, fahari yake, mikilua mitatu, miti ya maua yenye harufu tamu. Maua aliyoyachuma asubuhi aliyalaza kwenye sinia juu ya kitambaa kibichi, na sinia akalisukuma chini ya kitanda changu kwa kuwa chumba changu ndicho kilichokuwa na sakafu baridi. Kwa hiyo nililala mwaka mzima ndani ya harufu ya harusi, mimi niliyetoka kuachika juzi, na nilipolalamika alicheka hadi akajishika mgongo. Alisema, "Wenzio hulipa kwa harufu hiyo, Saumu. Wewe unaipata bure unanuna."

Ukuta kati ya chumba changu na ukumbi ulikuwa wa udongo, haukufika juu, na mazungumzo yote yaliupita. Kila baada ya alasiri Bi. Mejumaa, jirani yetu, alikuja na bakuli lililofunikwa kwa kawa, leo mbaazi, kesho viazi vya nazi, akaketi na Bi. Mwanasha wakatoboa asumini kwa sindano huku wakiwasema watu. Waliolewa Galu mwaka mmoja, wakafiwa na waume wakipishana miezi, na walikuwa na namna ya kumaliziana sentensi iliyonikera, kwa sababu mimi sikuwa na mtu wa kunimalizia yangu. Ni nyuma ya ukuta huo niliposikia habari ya kuhamishwa. Ardhi ile haikuwa yao, na hilo halikuwa jambo geni, nusu ya pwani hii watu wamejenga juu ya ardhi yenye jina la mtu mwingine. Lakini miti ina mwenyewe, naye ni aliyeipanda. Mwenye ardhi alipouza, mnunuzi alimtuma kijana na karatasi, akahesabu minazi, mikorosho na miembe ili wenyewe wafidiwe. Alipofika kwenye mikilua akaipita. Bi. Mwanasha akamwuliza mbona haandiki. Kijana, mtu wa bara na mwenye adabu zake, akasema, "Mama, hayo ni maua tu, hayako kwa list."

Bi. Mwanasha akamjibu, "Kama hayamo humo, basi hujayanunua. Nitaondoka nayo."

Nilidhani ni hasira. Kumbe usiku ule ule walishapanga, yeye na Bi. Mejumaa. Wangenunua viwanja viwili Msambweni vilivyopeana migongo, na kwenye ua wa makuti utakaowatenga wangeacha upenyo, ili bakuli lipite jikoni kwa jikoni bila kuzunguka barabarani. Na mikilua itahamishwa mizima, kwa sababu mkilua ni mti mvivu kukua. "Nikipanda mbegu leo," nilimsikia Bi. Mwanasha akisema, "sitalivaa ua lake mimi. Watalivaa watakaoniosha nikifa." Bi. Mejumaa akamwambia asijitabirie, kisha akasema atamsaidia kuibeba. Mgongo haukumruhusu Bi. Mwanasha kushika jembe, kwa hiyo kazi ya kuchimba ikawa yangu, naye akanisamehe kodi ya chumba mpaka siku ya kuhama.

Alinifundisha akiwa ameketi kwenye kigoda, fimbo mkononi, akinionyesha kwa ncha. Kwanza nifunge utambaa wa leso kuukuu kwenye tawi la upande wa kibla, ili mti ukifika ugenini uelekee ulikokuwa ukielekea. Nikafunga nikakaza, maana mimi hata fundo nafunga kwa pupa, akaniambia nilegeze, nikajifanya nimelegeza. Kisha nichimbe mtaro kuzunguka shina, hatua moja kutoka kwake, lakini nusu tu. Nikate mizizi ya upande wa kibla na wa mkabala wake, nijaze mboji na makumbi ya nazi yaliyolowekwa, kisha niuache mti zaidi ya mwezi, mpaka utoe vizizi vipya vyeupe. Hapo ndipo nikate pande mbili zilizobaki. Mvua za mwaka zikishika, tuung'oe na donge lake, tulifunge gunia. "Huu ni mgonjwa unamhamisha," alisema. "Muachie miguu miwili asimamie." Nilimsikia, nilimwelewa. Sijawahi kusema kwamba sikuelewa.

Tatizo ni kwamba zilikuwa siku za kaskazi, joto la kuchemsha ubongo, na rafiki yangu wa udobi wa hoteli moja alikuwa ameniletea salamu kwamba Jumamosi wanachukua wasichana kabla ya Pasaka, wageni wanapojaa. Nilikwishakata nusu ya mikilua miwili. Ulibaki wa tatu, mkubwa kuliko yote, uliokuwa karibu na dirisha langu, na Bi. Mwanasha alikuwa amenifanya niahidi kwamba sitaondoka kabla kazi ya kukata haijaisha. Ijumaa alikwenda Mkongani kupeleka vikuba vya harusi, akalala huko. Nikasimama mbele ya mkilua ule na panga na jembe, na mwili wangu wote ulikuwa umeshatangulia hotelini. Nikajiambia kwamba kukata pande zote siku moja ni kumaliza ahadi mapema, kwamba mti uliokatwa mapema utatoa vizizi mapema, kwamba wazee wanapenda kurefusha mambo. Nikachimba duara zima. Nakumbuka mzizi wa mwisho, mnene kama kifundo cha mkono, ulivyokataa panga, nikaupiga mara nne, harufu yake ikapanda, kali na tamu. Nikafukia, nikamwagia maji, nikafagia juu. Jumamosi nilikwenda hotelini tangu alfajiri. Walikuwa wameshachukua wasichana wao Alhamisi.

Jumapili Bi. Mwanasha alirudi, na alasiri Bi. Mejumaa akaja na bakuli lake. Mkilua mkubwa ulikuwa bado umesimama na maua yake, haujajua kilichoupata. Bi. Mejumaa akasimama chini yake akavuta pumzi, akasema, "Jana usiku nimelala na mkilua huu kitandani kwa harufu. Kwa kweli, Mwanasha, Galu nzima huna mwenzio." Hakusema mashallah. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni, nikamsikia vizuri, na nadhani hata yeye hakugundua, maana mtu hamkingi mwenzake wa miaka yote namna hiyo. Siku ya tisa majani yakaanza kujikunja. Siku ya kumi na mbili yakawa yanadondoka usiku kucha, nikiyasikia dirishani, nimelala macho wazi.

Bi. Mwanasha alizunguka shina kwa fimbo yake. Akaniuliza, "Ulikata pande mbili tu?"

Nikasema, "Mbili tu."

Hakurudia swali. Aliniamini upesi mno, na hilo nalo limeniuma miaka yote, kwamba hakunitesa hata kidogo. Aliketi kwenye kigoda akatazama juu kwenye matawi, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba basi ni jicho.

Kwetu jicho lina dawa yake, na dawa yenyewe ndiyo matata. Aliyetupa jicho huombwa atawadhe, na maji aliyotawadhia humwagiwa kilichodhurika. Ukimwomba mtu maji hayo umeshamshtaki. Bi. Mwanasha alihangaika siku mbili nzima, nikimsikia nyuma ya ukuta akiinuka na kulala, akijisemea, kisha akanitia bakuli jeupe la bati mkononi akaniambia, "Nenda kwa Mejumaa. Mwambie Mwanasha anaomba maji yake." Njia ile ilikuwa fupi, hatua arobaini labda. Nilisimama katikati yake. Ningeweza kurudi nikasema neno moja. Nilichofikiria badala yake, na naliandika hili kwa aibu, ni kwamba nikifukuzwa leo sina pa kulala.

Bi. Mejumaa alikuwa anakuna nazi. Nilipomwambia, mbuzi ya kukunia ilisimama. Akanitazama, akatazama bakuli, akafuta mikono kwenye leso. "Mwanasha amesema hivyo? Kwa kinywa chake?" Nikasema ndiyo. Akachota maji, akaketi, akatawadha taratibu juu ya karai, mikono, kinywa, uso, mpaka miguu, kama anayejiandaa kwa sala kweli, na machozi yalikuwa yakiingia humo humo. Kisha akamimina maji yale bakulini akanikabidhi kwa mikono miwili. "Saumu," akasema, "wewe ndiye unayeutunza mti. Mimi nimeudhuru?"

Nikamjibu, "Sijui, Bi. Mejumaa."

Tuliumwagia mkilua maji yale. Haukupona, ungeponaje. Bi. Mwanasha akasema maji yametolewa bila nia njema, na tangu hapo alasiri zikawa kimya. Mimi ndiye niliyekuja kukosa sauti zile nyuma ya ukuta kuliko nilivyotarajia. Nilitoka nje, nikaingia ndani, nikaanza kazi nisizimalize, nikala nikiwa nimesimama. Mwezi mmoja baadaye nilikata pande zilizobaki za mikilua ile miwili, taratibu, kama nilivyofunzwa, na nilipoona vizizi vyeupe kwenye makumbi nilikaa chini nikalia, na Bi. Mwanasha akadhani ni furaha.

Mvua za mwaka ziliposhika, dereva wa pikapu ya samaki, aliyeleta samaki Ukunda asubuhi na kurudi Msambweni gari tupu, alikubali kutubebea. Tuliiondoa mikilua miwili na madonge yake, tukaifunga gunia, tukaisimamisha juu ya matenga yaliyonuka changu na tafi. Wa tatu niliagizwa niukate nisiuache na kivuli. Niliukata ukabaki kisiki cha kufika gotini, utambaa wa leso bado umefungwa kwenye tawi moja la chini nililoliacha kwa kukosa moyo. Viwanja vilikuwa vimeshanunuliwa, havirudishiki. Kwa hiyo walihamia palepale walipokubaliana, migongo kwa migongo, na ua wa makuti ukafungwa kutoka pembe hadi pembe bila upenyo. Bi. Mwanasha alijenga jiko lake upande wa mbele, barabarani, kwenye vumbi. Mkilua mmoja ulikufa njiani bila sababu ninayoijua. Mmoja ulishika, ukielekea kibla. Nami mwezi ule ule nikapata kazi ya udobi Diani, nikaondoka kwa furaha iliyodumu kama wiki mbili.

Nimekuwa nikienda Msambweni miaka yote hii. Kwa Bi. Mwanasha naketi, nakula, nasikiliza sifa za mkilua wake. "Huu wangu," husema, "ni mmoja lakini ukichanua hunukia kama miwili. Mpaka nyuma ya nyumba harufu imejaa." Kwa Bi. Mejumaa nilipita barazani tu, nikisalimu nikiwa na kiatu mguuni, shikamoo, marahaba, wazima nyote, kwaheri. Sikuwahi kuvuka mlango wake kuingia uani. Na kila nilipoaga aliniuliza swali lile lile kwa upole, "Hujasahau kitu, Saumu?" Mimi nilitazama mkoba wangu, nikapapasa simu, nikasema sijasahau, Bi. Mejumaa. Nilidhani ni mazoea ya mtu mzima.

Siku ya mazishi nilifika wanaume wakiwa wameshaondoka na jeneza. Wanawake walijaa ukumbini, nikapenyezwa mpaka uani, na kabla sijaona chochote nikasikia harufu. Mkilua ulisimama pembeni, umegusa ua wa makuti, umepita paa la choo. Nilijua kabla sijausogelea, lakini nilisogea. Karibu na chini kulikuwa na tawi nene lililojaa uvimbe, na katikati ya uvimbe mkato wa kuzunguka, kama pete iliyovaliwa na kidole kilichonenepa. Ni fundo langu. Gome lilikua juu ya utambaa likaumeza.

Rukia alinikuta nimeushika. "Huo ni wa mama," alisema. "Aliuleta kwa mkokoteni kutoka Galu, kisiki kitupu, nyie mmeshahama. Tukamcheka, mpaka kilipochipua. Alisema kuung'oa hakukuwa kazi, maana mizizi ilikwishakatwa pande zote nne, kwa panga, zamani." Akatazama ua wa makuti. "Nilimwambia, mama, si umwite Bi. Mwanasha aje aone? Akakataa. Akasema aliyekata anapita hapa kila mara, siku moja atasema mwenyewe." Sijui kama alikuwa anajua anazungumza na nani. Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka barabarani jua likiniwaka kichwani, nikahisi kwa mara ya kwanza urefu wa mzunguko ule ambao wanawake wawili wameshindwa kuufanya miaka yote.

Bi. Mwanasha alikuwa kwenye kigoda, amevaa nguo za kutokea, buibui magotini, haendi wala havui. Vilio alivisikia tangu alfajiri. "Niende nikaseme nini?" aliniambia kabla sijasalimu. "Wataniona nimekuja kuhakikisha kwamba amekufa." Nikaketi chini, mbele ya miguu yake, mchangani. Nikamwambia yote. Nilianza na Ijumaa ya Mkongani, nikamwambia pande nne, nikamwambia mzizi wa mwisho, na bakuli jeupe, na "sijui" niliyoisema. Nikamwambia mkilua u hai, uko hapo nyuma, na ile harufu ya pili anayojivunia ni yake. Nikamwambia kwamba Bi. Mejumaa aliujua ukweli tangu siku alipoung'oa. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya buibui, mizee, na vidole vya kulia vilikuwa vikifanya ile kazi ya kutoboa asumini, bila sindano na bila ua.

Nilipomaliza wanaume walikuwa wameanza kurudi kutoka makaburini, tukizisikia sauti zao upande wa pili.

"Jana ulikuja hapa," alisema.

"Ndiyo, Bi. Mwanasha."

"Tukala mihogo."

"Tulikula."

"Jana Mejumaa alikuwa hai."

Nilisema nisamehe. Akashika fimbo akainuka, nikanyoosha mkono kumsaidia, akausogeza kando kama mtu anayesogeza pazia. Akaingia jikoni akatoka na panga. Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye ua wa makuti, nami nikamfuata nikidhani nimeelewa, nikanyoosha mkono nilipokee. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Wewe umeshakata," alisema.

Akaanza kukata kamba za makuti mwenyewe, moja moja, polepole, mgongo wake ule ule umepinda, akipumzika kila baada ya mbili. Kuti la kwanza lilianguka, likafuatiwa na la pili, na harufu ikatujia. Nilisimama nyuma yake, mikono mitupu, sikuondoka, mpaka upenyo ukamtosha mtu mmoja, naye akapita.